Chiriku na Mlango Uliogoma

Nyumbani kwa seremala, asubuhi ilijulikana kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya msumeno. Ya pili ilikuwa ya binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka tisa. Majirani walimwita Chiriku, kwa sababu maneno hayakumwishia mdomoni. Aliongea akila. Aliongea akioga. Aliongea hata akipiga mswaki, dawa ya meno ikimchuruzika kidevuni.

"Hata msumeno hupumzika," baba yake alimtania. "Wewe je, mwanangu?"

"Msumeno hauna habari za kusimulia, Baba," Chiriku alijibu.

Karakana ya baba ilikuwa pembeni ya ua. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele. Bibi, mama mzaa baba, aliishi nao. Kazi yake kubwa, alivyosema mwenyewe, ilikuwa kumsikiliza mjukuu wake ili wengine wapate nafasi ya kufanya kazi.

Chiriku alikuwa na kifafa. Kilimwanza alipokuwa mdogo. Daktari alimpa vidonge vya kumeza kila siku, asubuhi na jioni. Alivimeza, na kwa miezi mingi hakuanguka hata mara moja. Basi nyumba nzima ikaanza kusahau. Leo kidonge kilisahauliwa, kesho kikakumbukwa. Mwishowe mama akasema, "Vinamletea usingizi darasani. Na mtoto si ameshapona? Tumpumzishe kidogo."

Hakuna aliyembishia. Kila mtu alitaka sana iwe kweli kwamba amepona.

Jumamosi moja, Chiriku alikaa kwenye kigoda uani. Mbele yake palikuwa na jiko la mkaa, chini kabisa, na juu yake birika la chai. Bibi alikuwa ameingia ndani kufuata sukari. Chiriku hakujali. Aliendelea kusimulia kwa sauti, ili mama aliyekuwa akishona amsikie kupitia dirishani.

"Mama, yule mbuzi akaingia darasani! Mwalimu akauliza, nani amemleta huyu? Mbuzi naye aka..."

Halafu kimya.

Mama alisimamisha mguu juu ya pedeli ya cherehani. Alingoja. Mbuzi alifanya nini? Hakusikia jibu. Alisikia birika likianguka, na sauti ya maji yakizima moto. Shiii!

Mama alitoka mbio. Kitambaa alichokuwa akishona kilimfuata, kikakatika uzi mlangoni.

Chiriku alikuwa ameangukia ubavu. Mwili wake wote ulikuwa ukitetemeka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuona mtu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya makaa, na ulitetemeka hapohapo, ukiyachochea. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama kuliko yote. Mtoto anaungua, na halii.

Alimvuta. Akapiga ukunga. Baba alitupa randa, akaja mbio. Watu walijaa mlangoni mwa ua.

"Msimguse!" mmoja alipaza sauti. "Mate yake yataambukiza!"

"Mshikeni miguu!" mwingine alisema.

Bibi alikuja na kijiko cha sukari. Aliwahi kusikia kwamba mwenye kifafa humeza ulimi. Akakisukuma kijiko kati ya meno ya mjukuu wake. Kipande cha jino kikavunjika. Mtu mwingine alileta dawa ya meno, akaipaka kwenye mkono ulioungua.

Kila mmoja alitaka kusaidia. Na kila mmoja aliongeza jeraha.

Hospitalini, muuguzi alilazimika kuiosha ile dawa ya meno kwanza, ndipo auone mkono. Sasa Chiriku alikuwa macho, na sasa alilia. Mama alitoka nje ya chumba. Alijiziba masikio, lakini aliendelea kusikia.

*

Waswahili husema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mama Chiriku alianza kushtushwa na kila kitu. Kijiko kikianguka, aliruka. Mtoto akikaa kimya akifikiri, alimtikisa bega. "Chiriku! Chiriku! Uko sawa?" Chiriku akiongea sana, mama aliogopa pia, maana alijua maneno yale yanaweza kukatika wakati wowote.

Vidonge alianza kumpa tena, lakini kwa wasiwasi. Siku ambayo mtoto alionekana mchovu, alimpa nusu. Siku aliyomwona amechangamka, alikiruka kidonge. Hakumuuliza mtu. Aliogopa kugombezwa.

Kisha alianza kukataza mambo. Shule, hapana kwanza. Kucheza kamba na wenzake, hapana. Kukaa uani, hapana, kuna moto. Kukaa karakana, hapana, kuna misumari. Mwishowe kilibaki chumba kimoja, na kitanda kimoja kirefu cha chuma. Mama akitoka, alimfungia humo kwa ufunguo.

"Mama Chiriku," mume wake alisema, "huyu ni mtoto. Si kuku anayetamia mayai."

"Wewe hukuuona ule mkono juu ya makaa," mama alijibu. "Mimi niliuona. Bado nauona. Bora anichukie akiwa mzima."

Seremala naye aliogopa, ila wanaume wengine huificha hofu yao kwenye kelele za kazi. Akarudi kupiga randa.

Siku moja Bibi alimwonea mjukuu wake huruma, akamfungulia. Mama alipogundua, hakugombana na mama mkwe wake. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Samahani, Mama." Tangu siku hiyo akawa anatoka na ufunguo ndani ya mkoba.

Chiriku hakusimulia tena habari zake. Hakuwa nazo. Ndani ya chumba kile hapakuingia mbuzi. Alibaki na swali moja tu, alilouliza kupitia mlangoni.

"Bibi, upo?"

"Nipo, mjukuu wangu."

Baada ya muda kidogo, tena: "Bibi, upo?"

"Nipo, mama. Niende wapi na magoti haya?"

*

Siku ya balaa, mama alikwenda sokoni kununua nyuzi na vifungo. Baba alikuwa mtaa wa pili, akifunga makabati ya mteja. Bibi alikaa kwenye mkeka nje ya mlango wa chumba, akichambua maharage.

"Bibi, upo?"

"Nipo."

Jua lilikuwa kali. Bibi alichambua, akatupa mawe, akachambua. Kisha akasikia mlango ukigongwa kutoka ndani. Gu. Gu. Gu. Gu.

"Vumilia, mjukuu wangu," alisema. "Mama yako anarudi sasa hivi."

Gu, gu, gu, gu.

"Ufunguo sina mimi. Acha kugonga, utaumiza mkono."

Mlango uliendelea kugongwa. Haraka, chini, karibu na sakafu. Na hapakuwa na neno hata moja. Bibi aliduwaa na punje za maharage mkononi. Chiriku kugonga bila kusema? Chiriku?

Hapo ndipo alipoelewa kwamba kilichokuwa kikigonga mlango hakikuwa mkono. Kilikuwa kichwa.

Bibi alipiga yowe. Alivuta kitasa. Aliugonga mlango kwa viganja vyote viwili. Mlango ule ulitengenezwa na mwanawe kwa mbao ngumu, na mwanawe alisifika kwa milango isiyovunjika.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa msusi. Alikuja mbio, kitana bado mkononi.

"Yuko ndani!" Bibi alilia. "Ameanguka! Ufunguo anao mama yake!"

Msusi alizunguka hadi dirishani. Lilikuwa na nondo. Alichungulia. Kitanda kilikuwa kitupu. Nyuma ya mlango hakuweza kuona. Aliporudi, kugonga kulikuwa kumekoma.

Wanawake wawili walitazamana. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele.

Mama alilisikia yowe akiwa bado barabarani. Hakuuliza ni nyumba gani. Alijua. Alikimbia, vifungo vikimwagika kutoka kwenye mfuko, akaingia uani akipekua mkoba wake. Ufunguo ulimdondoka mara ya kwanza. Ulimdondoka mara ya pili. Mara ya tatu uliingia, ukazunguka.

Mlango haukufunguka.

Ulisogea upana wa vidole vinne tu, ukagota. Ulikuwa mlango wa kufungukia ndani, na nyuma yake palikuwa na mwili wa mtoto. Mama aliweka bega asukume kwa nguvu zake zote.

"Usisukume!" msusi alimdaka kiuno. "Mama Chiriku, usisukume! Utamvunja shingo!"

"Mwanangu yuko humo!"

"Najua. Niachie mimi. Niachie."

Msusi alilala kifudifudi sakafuni. Alikunja mkono mrefu wa gauni lake, akapenyeza mkono kwenye ule ufa hadi begani. Alipapasa. Uso wake ulikuwa umebanwa kwenye mbao, macho ameyafumba.

"Nimegusa nywele," alisema.

"Anapumua?"

"Nyamazeni kwanza."

Walinyamaza. Bibi aliuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Mama alijikuta anahesabu pumzi zake mwenyewe.

"Anakoroma," msusi alisema. "Anapumua. Uso wake uko chini. Ngoja."

Alimshika mtoto begani, akamsukuma taratibu, kidogo, kisha kidogo tena. Mlango ulisogea kwa upana wa kiganja. Ukasogea tena. Mama aliingia kiubavuubavu, kitasa kikamchuna tumbo, wala hakusikia.

Chiriku alikuwa amelala kifudifudi, mdomo na pua ndani ya matapishi. Midomo ilikuwa imepiga weusi. Juu ya jicho palikuwa pamechanika, na damu ilifika hadi kwenye kizingiti.

"Mgeuze alale ubavu," msusi alisema akiingia nyuma yake. "Hivyo. Goti hili lije mbele, asirudi kifudifudi. Kichwa kiinamishe kidogo, matapishi yatoke. Mfungue kifungo cha shingoni. Nipe taulo niweke chini ya kichwa."

Bibi alitokea mlangoni na kijiko.

"Kijiko hapana, Mama," msusi alisema kwa upole. "Hawezi kuumeza ulimi wake. Usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si dawa. Mpaka azinduke kabisa."

Mama alishika mkono wa mwanawe wenye kovu la moto. Polepole midomo ilirudi rangi yake. Chiriku akafumbua macho, akatazama dari, asijue yuko wapi. Ndipo mama alipouona mkono wa msusi, ule alioukunjia gauni. Kuanzia kiwiko hadi karibu na bega, ngozi ilikuwa imejikunja. Lilikuwa kovu la zamani la moto.

*

Jirani mwenye gari aliwapeleka kituo cha afya. Muuguzi alimshona Chiriku juu ya jicho, akampima homa, akamwacha alale. Kisha akakaa na mama, Bibi na msusi kwenye benchi.

"Alitetemeka kwa muda gani?" aliuliza.

Bibi aliangalia sakafu. "Sijui, mwanangu. Nilidhani anabisha hodi."

"Siku nyingine, mtu mmoja aangalie saa. Ikifika dakika tano hajaacha kutetemeka, mleteni mbio. Akianguka tena kabla hajazinduka, mleteni. Akiumia, au akipumua kwa shida, mleteni. Na mkiwa hamkuona alipoanza, kama leo, msikae kubahatisha. Na dawa zake anameza vipi?"

Mama alisema ukweli wote. Nusu leo, kizima kesho, siku nyingine hakuna. Alisema huku akilia. "Nilidhani nampunguzia usingizi. Nilimpa kifafa kwa mikono yangu."

"Kifafa hukumpa wewe," muuguzi alisema. "Wala hakikuletwa na mtu, wala hakiambukizi kwa mate. Ni shida ya ubongo. Dawa huizuia, lakini iwe inafika mwilini kila siku. Ukiikatiza ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mtoto kukaa muda mrefu bila kuanguka maana yake dawa inafanya kazi. Haina maana kwamba haihitajiki tena."

"Na usingizi?"

"Huo njoo utuambie sisi. Daktari anaweza kubadilisha kipimo au dawa. Usikate kidonge peke yako nyumbani."

Mama alifuta macho. "Nesi, mimi nilimfungia kwa sababu ya moto. Niliona chumba ndiyo salama."

Muuguzi aligeuka akamtazama. "Mtoto mwenye kifafa haumizwi na kifafa peke yake," alisema. "Mara nyingi anaumizwa na kile anachokiangukia. Moto. Maji. Chuma. Na kuanguka mahali ambapo hakuna anayeweza kumfikia. Ulimtoa kwenye moto ukamweka penye mlango wa kufuli."

Msusi alimshika mama bega.

"Mimi kovu langu ni la maji ya moto," msusi alisema. "Kifafa kiliniangusha nikiwa mdogo kuliko Chiriku."

"Na wewe?" mama alishangaa. "Miaka yote unanisuka nywele!"

"Miaka yote. Vidonge vyangu viko kwenye droo ya kaunta, chini ya nyuzi za kusukia. Sijaanguka muda mrefu sana sasa. Lakini pasi ya nywele sishiki nikiwa peke yangu saluni, na maji ya moto anabeba mwenzangu. Sikujificha kwa sababu ya kovu, Mama Chiriku. Nilijificha kwa sababu ya maneno ya watu. Nilipoona mnamfungia mtoto, nilitaka kuja kusema. Niliogopa."

Bibi alimtazama, akatikisa kichwa. "Kumbe mtaa mzima tunaogopa," alisema. "Kila mtu na ufunguo wake mkobani."

*

Siku iliyofuata alasiri, muuguzi alifika nyumbani pamoja na msusi. Baba alikuwa amekaa mbele ya mlango ule, nyundo mapajani, akiutazama kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsaliti.

"Inuka, fundi," muuguzi alisema. "Leo tuna kazi. Tukae chini wote, tuiangalie nyumba hii kwa macho ya mtoto. Kila mahali tujiulize: akianguka hapa, ataangukia nini?"

Wakakaa sakafuni, hata Bibi, aliyelalamika kwamba kushuka anaweza, kupanda ndiyo shughuli. Waliangalia uani. Jiko lilikuwa chini, wazi.

"Linyanyuliwe," muuguzi alisema. "Na liwe na kizuizi mbele. Vyombo vyenye mpini vigeuzwe, mpini uelekee nyuma. Naye akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, kisha kitambaa safi. Dawa ya meno ni ya meno."

Pembeni palikuwa na pipa la maji lisilo na kifuniko. Seremala alilitazama kwa muda mrefu. Kina chake kilimfika Chiriku kifuani. Alipita hapo kila siku na hakuwahi kuliona.

"Kifuniko kizito," alisema. "Leo hii."

"Maji hata ya ndoo yanatosha kumzamisha aliyeanguka kichwa chini," muuguzi alisema. "Akioga, akae kwenye kigoda, ajimwagie kwa kopo. Mtu mzima awe karibu. Na lile komeo la bafuni litoke."

"Basi watu watamfungulia akiwa anaoga!" Bibi alisema.

"Tundikeni taulo mlangoni. Taulo likiwepo, mtu yuko ndani."

Chiriku alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake, bandeji juu ya jicho. Hakuwa amesema neno tangu walipotoka kituoni. Sasa aliinua kidole, akaonyesha kona ya chuma ya kitanda chake.

"Na hiyo," alisema.

Wote waligeuka.

"Hiyo ni kali, na kitanda kiko juu. Nikianguka usingizini nitaumia. Na meza ya Mama ya kushonea ina kona. Na karakana ya Baba misumari iko chini, kila siku namwambia aokote, haokoti. Na ngazi ile ya kupandia darini, iondolewe, maana mimi napenda kuipanda. Na..."

Mama alimkumbatia. Alisikia maneno yale yakitoka mfululizo kama zamani.

Wiki ile seremala hakuchukua kazi ya mteja yeyote. Alijenga meza ya jiko kwa matofali, akaiwekea ukingo wa mbao mbali na moto. Alitengeneza kitanda kifupi, godoro likakaribia sakafu. Pembe za meza alizipiga msasa hadi zikawa mviringo. Kisha akaing'oa milango ya chumba na ya bafuni, akaigeuza yote miwili ifungukie nje. Kitasa chenye ufunguo alikitoa. Alipomaliza, aliufungua mlango na kuufunga, akaufungua tena na kuufunga, mpaka Bibi akamuuliza kama anampepea mtu.

Taulo la bafuni lilikuwa na shida moja. Bibi alisahau kulitundika kila mara. Badala yake aliimba, kwa sauti mbaya sana, na nyumba nzima ikajua kwamba hapaingiliki.

Daktari alibadilisha kipimo cha dawa. Usingizi wa darasani ulipungua. Kidonge cha asubuhi kilikwenda na chai, cha jioni na chakula, na aliyekuwa karibu ndiye aliyekumbusha.

Jambo gumu zaidi lilikuwa shule. Mama alimpeleka Chiriku mwenyewe, akasimama mbele ya mwalimu. Maneno aliyojiandalia yalimpotea. Alisema tu, "Mwanangu ana kifafa. Naomba nikwambie la kufanya akianguka." Mwalimu aliwaita watoto wa darasa zima wasikilize. Chiriku ndiye aliyewaeleza. Alilala sakafuni, akawaonyesha jinsi ya kumgeuza ubavu, na akawakataza kumshika miguu. Kisha akapanda juu ya dawati aendelee, mwalimu akamwambia ashuke. Hilo nalo ni katika mambo ya kuepuka.

Mama alirudi nyumbani. Akakaa kwenye cherehani. Hakushona kitu.

*

Miezi ilipita. Chiriku aliugua homa, ikapoa, akarudi shule. Siku ya pili mchana, mtoto wa mwalimu alikuja akikimbia hadi kwa fundi cherehani.

"Mama Chiriku, umeitwa shule! Chiriku ameanguka!"

Mama alikimbia na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Njiani aliona makaa. Aliona kizingiti chenye damu. Aliona kila mlango alioupita umefungwa. Miguu ilikuwa yake, lakini hakuihisi. Alijisemea, "Nilimwachia mwenyewe. Nilimwachia mwenyewe."

Uwanja wa shule ulikuwa kimya. Chini ya ukuta, kivulini, watoto watatu walikuwa wamechuchumaa. Wengine walikuwa wamerudishwa mbali, wasimzonge. Mwalimu alikuwa amepiga goti, saa mkononi.

"Imekwisha, Mama," mwalimu alisema haraka. "Alitetemeka chini ya dakika mbili. Walimgeuza ubavu kabla sijafika. Huyu alivua sweta lake, akamwekea chini ya kichwa."

Mama alipiga magoti. Aligusa kichwa cha mwanawe. Alipapasa paji la uso, mikono, meno. Alitafuta damu. Alitafuta mahali palipochanika. Alitafuta tena, maana hakuamini. Kulikuwa na vumbi tu shavuni.

Chiriku alifumbua macho. Alitazama huku na huku mpaka akauona uso wa mama yake. Aliangalia futi shingoni, jasho usoni, na mikono iliyokuwa ikipapasa bila kutulia.

"Mama," alisema, ulimi bado mzito, "unatetemeka."

"Si kitu, mwanangu."

"Kaa chini vizuri. Usije ukaanguka."

Mama alikaa chini, kwenye vumbi, mbele ya shule nzima. Chiriku alimwegemezea kichwa mapajani, akaanza kumsimulia alichokuwa akicheza.